Usione Vyaelea: Elektrodi ya Titaniamu na Safari Yake hadi Soko la Mikinduri

Utangulizi

Wahenga walinena, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hii ilizaliwa miongoni mwa watu wa pwani waliozoea majahazi, lakini inawafaa pia watu wa milimani. Katika soko la Mikinduri, Tigania Mashariki, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, bidhaa za dukani zilizo jirani na miraa na ndizi ni zile zile zinazopatikana katika masoko mengine ya Kenya: bomba la plastiki la kuvutia maji, kichupa cha dawa ya kutibu maji, sabuni ya kipande na simu ya mkononi. Mnunuzi huviona vikielea. Ni nadra aulize viliundwaje.

Vitu hivi vinne vina udugu usioonekana. Klorini iliyomo katika plastiki ya bomba na katika dawa ya maji, kostiki soda inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na karatasi nyembamba ya shaba iliyofichika ndani ya simu, vyote kwa kawaida hutokana na elektrolisisi, yaani utenganishaji wa vitu kwa nguvu ya umeme. Katika viwanda vingi vya kisasa, moyo wa kazi hiyo ni kipande cha titaniamu kilichovikwa utando mwembamba kuliko unywele.

Makala haya yanalenga kufafanua mambo matatu: chimbuko la elektrodi hii, namna inavyofanya kazi, na matumizi yake viwandani na vijijini. Hoja inayoyaunganisha ni kwamba malighafi za elektrodi hii kwa sehemu kubwa zimo katika ardhi ya Afrika, ukiwemo mchanga wa Kwale. Kinachokosekana ni ujuzi, na ujuzi hauwezi kuenea kwa watu pasipo lugha wanayoielewa.

Majina Kabla ya Chombo

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, habari ya elektrodi inaanzia mahali asipopatarajia, yaani katika uundaji wa istilahi. Mnamo mwaka 1834, Michael Faraday, mwanasayansi wa Royal Institution mjini London, alikuwa amegundua kanuni za elektrolisisi lakini hakuwa na maneno ya kuzielezea. Yeye mwenyewe hakupata elimu ya juu ya lugha za kale. Neno elektrodi alilipata kwa msaada wa rafiki yake mmoja. Kwa maneno mengine alimwandikia William Whewell, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akimwomba ushauri. Whewell ndiye aliyependekeza anodi, kathodi na ioni.

Maneno hayo yaliundwa kutokana na Kiyunani. Elektrodi ni njia ya umeme. Anodi ni njia ya kupandia, na kathodi ni njia ya kushukia. Kupanda na kushuka huku hakukuteuliwa kiholela. Faraday alifikiria mkondo wa umeme unaotiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kama lifanyavyo jua. Upande ambao mkondo unaingilia ni upande wa jua linapochomoza, na upande unaotokea ni wa jua linapotua. Kwa hiyo mtu akisema kwamba anodi ni mawio na kathodi ni machweo, hatakuwa amepamba usemi, bali atakuwa amerudia maana aliyoikusudia Faraday.

Funzo la tukio hili ni bayana. Hata Kiingereza, kinachodhaniwa na wengi kuwa lugha ya sayansi tangu azali, kililazimika kukopa na kubuni maneno pale jambo jipya lilipozuka. Mwanasayansi alimwendea mtaalamu wa lugha, naye mtaalamu wa lugha hakuona kwamba kazi hiyo haimhusu.

Kaboni Iliyokuwa Ikiliwa

Ili kuelewa haja ya titaniamu, ni vyema kutazama kwanza kinachotokea chumvi ya kawaida inapopitishiwa umeme. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni za sodiamu na ioni za kloridi. Ioni za kloridi huvutwa kwenye anodi, hupokonywa elektroni, na kugeuka gesi ya klorini. Kwenye kathodi, maji huvunjwa na kutoa gesi ya hidrojeni, na kinachobaki huungana na sodiamu kuwa kostiki soda. Endapo mazao ya pande hizi mbili yataachwa yachanganyike, hupatikana haipokloraiti ya sodiamu, nayo ndiyo dawa ya kutibu maji na ya kung'arisha nguo. Yakitenganishwa, kiwanda hupata klorini upande mmoja na kostiki soda upande wa pili.

Kathodi haina taabu kubwa. Mateso yote yako kwenye anodi. Klorini inayozaliwa pale ina ukali wa kula karibu kila metali. Chuma kikiwekwa mahali hapo huyeyuka, na shaba vilevile. Kwa miongo mingi tangu mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vilitegemea grafiti, ambayo ni aina ya kaboni. Grafiti hupitisha umeme na huvumilia klorini, ila haikosi ila. Pamoja na klorini, oksijeni kidogo huzaliwa kwenye anodi, na oksijeni hiyo huungana na kaboni na kutoka ikiwa gesi ya ukaa. Kwa maneno mengine, anodi ilikuwa ikiungua polepole ndani ya maji.

Kadiri grafiti ilivyopungua, ndivyo pengo kati yake na kathodi lilivyopanuka. Pengo likipanuka, umeme mwingi zaidi huhitajika kwa kazi ile ile, na ziada hiyo hupotea ikiwa joto. Wafanyakazi walilazimika kuzisogeza anodi mara kwa mara na kuzibadilisha zilipokwisha. Ikumbukwe kwamba utengenezaji wa tani 1 ya klorini, hata kwa mitambo bora ya leo, huhitaji umeme wa kilowati-saa zipatazo 2,400. Katika kazi ya namna hiyo, upotevu mdogo kila saa huwa hasara kubwa kila mwaka.

Metali Inayojifungia Mlango

Titaniamu ilitambuliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa Cornwall nchini Uingereza, aliyekuwa akichunguza mchanga mweusi wa eneo lake. Mwaka 1795 Martin Klaproth wa Ujerumani aliipa jina linalotokana na Titani, majitu ya visasili vya Wayunani. Hata hivyo, metali yenyewe ni ngumu kuitenga na oksijeni, na haikupatikana kwa wingi hadi katikati ya karne ya 20, baada ya William Kroll wa Luxembourg kuvumbua mbinu inayotumika hadi sasa.

Sifa yake kuu ni kwamba haishikwi na kutu kwa urahisi. Siri yake ni kwamba huwahi kujifunika. Mara tu inapokutana na hewa au maji, uso wake hufanya oksidi nyembamba inayoshikamana nayo sawasawa na kuzuia madhara kupenya. Lakini ngao hiyo hiyo ndiyo inayoiharibia kazi ya anodi. Oksidi ya titaniamu haipitishi umeme ipasavyo. Titaniamu tupu ikifanywa anodi, hujifungia mlango kwa muda mfupi, na mkondo hukoma. Wahandisi walijikuta na metali isiyoliwa na klorini, lakini pia isiyofanya kazi waliyoitaka.

Jaribio la kwanza la kuutatua mkwamo huu, katika miaka ya 1950, lilikuwa kuipaka titaniamu platinamu. Mkondo ulipita. Hata hivyo, platinamu ni ghali, nayo iliendelea kulika ndani ya mitambo ya klorini. Dawa ilikuwa imepatikana nusu.

Nusu ya pili ililetwa na mvumbuzi Mholanzi, Henri Beer. Katika hataza zake, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, za mwaka 1965 na 1967, Beer aliacha kuipaka titaniamu metali, akaipaka oksidi. Alichagua rutheniamu, metali adimu ya jamii ya platinamu iliyotambuliwa na Karl Klaus nchini Urusi mwaka 1844. Oksidi ya rutheniamu ina sifa isiyo ya kawaida kwa oksidi: hupitisha umeme kama metali. Isitoshe, hurahisisha uzaliwaji wa klorini, hivyo kupunguza umeme unaohitajika. Katika hataza ya pili, oksidi hiyo ilichanganywa na oksidi ya titaniamu yenyewe, na mchanganyiko huo ukawa imara zaidi.

Uimara huo una sababu yake. Fuwele za oksidi ya rutheniamu zimepangika sawasawa na fuwele za aina moja ya oksidi ya titaniamu iitwayo rutaili. Kwa kuwa mpangilio ni mmoja, oksidi hizi mbili huweza kuingiliana na kuwa kitu kimoja, na utando hushikamana na metali iliyo chini yake. Ni mfano wa viraka viwili vya kitambaa kimoja ambavyo, vikishonwa pamoja, mshono hauvutani.

Kampuni ya De Nora ya Milano, Italia, iliyoanzishwa na Oronzio De Nora mwaka 1923, iliuchukua uvumbuzi wa Beer na kuuingiza viwandani mwishoni mwa miaka ya 1960. Elektrodi hizo zilisifiwa kwa kutobadilika umbo. Badala ya anodi iliyodumu kwa miezi, viwanda vilipata anodi iliyodumu kwa miaka kadhaa, na pengo kati ya anodi na kathodi likabaki pale pale lilipowekwa.

Jinsi Utando Unavyovikwa

Utengenezaji wenyewe waweza kuelezwa bila fumbo. Kwanza, bamba au wavu wa titaniamu hukwaruzwa kwa chembe ngumu na kuoshwa kwa asidi, ili uso uwe na vinundu vya kushika. Pili, chumvi za rutheniamu na titaniamu huyeyushwa katika kimiminika kama alkoholi, na mmumunyo huo hupakwa kwa brashi au kwa kupulizwa. Tatu, bamba hukaushwa na kuingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi za Selsiasi zipatazo 450 hadi 500, ambapo chumvi hugeuka oksidi. Kisha kazi hurudiwa: kupaka, kukausha, kuchoma, mara kumi au zaidi, tabaka juu ya tabaka, hadi unene unaotakiwa upatikane.

Pale ambapo zao la anodi ni oksijeni badala ya klorini, rutheniamu haidumu. Hapo hutumiwa oksidi ya iridiamu, aghalabu ikichanganywa na oksidi ya tantalamu. Iridiamu, iliyotambuliwa na Smithson Tennant mwaka 1803, ni adimu mno; dunia nzima huchimba tani chache tu kwa mwaka.

Matumizi Viwandani

Matumizi makubwa zaidi yamebaki katika klorini na kostiki soda. Zamani, viwanda vingi vilitumia zebaki ikiwa kathodi, na sehemu ya zebaki hiyo ilivuja hewani na majini. Anodi isiyobadilika umbo ilisaidia kufungua njia ya mitambo ya kiwambo, ambamo anodi na kathodi hukaribiana sana huku kiwambo cha plastiki maalumu kikizitenganisha. Mitambo hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1970. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia zebaki katika kutengeneza klorini. Ni vigumu kuona jinsi ukomo huo ungewezekana endapo viwanda vingekuwa bado vinategemea grafiti.

Matumizi ya pili yako katika shaba. Karatasi ya shaba inayotumika katika mbao za saketi na betri za simu hutengenezwa kwa kuilimbikiza shaba juu ya pipa la titaniamu linalozunguka, mbele ya anodi zilizovikwa oksidi ya iridiamu. Aidha, katika baadhi ya viwanda vinavyotenga shaba na madini mengine kwa umeme, anodi za aina hii zimeanza kushika nafasi ya zile za risasi, ambazo humwaga tope la sumu.

Matumizi ya tatu ni kuhifadhi chuma. Nyavu za titaniamu zilizovikwa utando hufukiwa katika zege la madaraja na gati. Mkondo mdogo wa umeme hutumwa kutoka kwenye wavu hadi kwenye nondo, na nondo, zikiwa zimefanywa kathodi, haziliwi na kutu. Hali kadhalika, meli nyingi zinazotia nanga katika bandari za dunia, Kilindini ikiwemo, hulazimika kuyasafisha maji ya bahari zinayoyabeba ili kujipa uzito, zisihamishe viumbe kutoka bahari moja hadi nyingine. Njia mojawapo ni kuyapitisha maji hayo katika elektrodi, chumvi iliyomo ikageuka dawa hapo hapo.

Kutoka Kiwandani hadi Kijijini

Elektrodi hii haiishi katika viwanda vikubwa tu. Shirika la Antenna la Geneva, Uswisi, lilibuni kifaa kiitwacho WATA kinachoweza kubebwa mkononi. Katika lita 1 ya maji huyeyushwa gramu 25 za chumvi. Kifaa hutumbukizwa humo na kuunganishwa na umeme, hata wa paneli ya jua. Baada ya muda upatao saa moja, hupatikana lita 1 ya dawa yenye gramu 6 za klorini. Kwa kipimo cha miligramu 1.5 kwa kila lita, dawa hiyo hutosha kutibu lita 4,000 za maji maangavu, sawa na mitungi 200 ya lita 20. Kila mtungi huhitaji mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na subira ya dakika 30 kabla ya kunywa.

Ni hapa ambapo suala la lugha linaacha kuwa la darasani. Tuseme zahanati katika eneo kama la Mikinduri imepewa kifaa cha namna hii, nayo maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa cha kitaalamu. Mhudumu anaona ukoko mweupe umeganda juu ya elektrodi. Kwa busara ya kawaida ya jikoni, anachukua steliwaya na kuusugua hadi chuma king'ae. Kwa sufuria, hilo ni usafi. Kwa elektrodi, ni kifo. Utando wote uliovikwa kwa tabaka kumi unakwanguliwa kwa dakika moja, titaniamu inabaki tupu, inajifungia mlango, na dawa haipatikani tena. Mwingine aweza kuunganisha nyaya kinyume, mawio yakawa machweo, na utando ukaharibika kwa njia hiyo.

Maelezo yanayohitajika si marefu. Usiikwangue elektrodi, iloweke katika siki hadi ukoko ulainike, kisha isuuze vizuri kwa maji kabla ya kuitumia, kwani siki ikikutana na dawa ya klorini huweza kutoa gesi ya sumu. Usibadilishe nyaya. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa hidrojeni inayotoka huweza kulipuka. Hakuna sentensi hata moja katika hizi inayokishinda Kiswahili. Isipoandikwa, hasara itakuwa maji yasiyotibiwa, na wa kwanza kuilipa ni mtoto mdogo.

Mchanga wa Kwale

Mwishoni mwa mwaka 2013, uchimbaji wa mchanga wenye madini ya titaniamu ulianza Kwale, maeneo ya Maumba na Nguluku, kusini mwa Mombasa, chini ya kampuni ya Base Titanium. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni mwezi Februari 2014. Madini yaliyosafirishwa yalikuwa ilmenaiti, zirkoni na rutaili. Ndiyo rutaili ile ile ambayo mpangilio wa fuwele zake umeufanya utando wa Beer ushike. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma, kwa kuwa akiba ya madini yenye faida ilikuwa imekwisha.

Haingekuwa haki kudai kwamba mchanga huo wote uligeuka elektrodi. Zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titaniamu yanayochimbwa duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupakia kuta, karatasi na plastiki, na sehemu ndogo tu ndiyo hufanywa metali. Vilevile, metali za utando hutoka kwa wingi Afrika Kusini, ambayo ndiyo mzalishaji mkuu wa rutheniamu na iridiamu duniani. Ukiongeza chumvi inayoanikwa juani Gongoni na Marereni katika kaunti ya Kilifi, na umeme wa mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, utaona kwamba vijenzi vyote vinapatikana barani, na baadhi vimo nchini Kenya. Elektrodi zenyewe, hata hivyo, hununuliwa kutoka ng'ambo.

Yawezekana mtu akapinga kwamba kiwanda hakijengwi kwa istilahi, bali kwa mtaji, soko na wahandisi. Pingamizi hili lina uzito, na makala haya hayalikanushi. Neno peke yake halichomi oksidi tanurini. Lakini mhandisi hutokana na mtoto aliyeambiwa jambo akalielewa, na fundi hutokana na kijana aliyesoma maelezo akayafuata. Kwale ilichimbwa kwa muda wa miaka 11. Vijana wengi wa shule waliona malori na meli. Ni wangapi walielezwa, kwa lugha wanayoiotea ndoto, kile ambacho mchanga ule ungeweza kuwa?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba elektrodi ya titaniamu iliyovikwa utando ilizaliwa kutokana na matatizo mawili: grafiti iliyokuwa ikiliwa, na titaniamu iliyokuwa ikijifungia mlango. Beer aliyatatua yote mawili kwa kuivika metali hiyo oksidi inayopitisha umeme, na matunda yake yamefika hadi kwenye bomba, sabuni, simu na dawa ya maji katika soko la Mikinduri.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo inadai kazi. Faraday alipokwama, alimwandikia mtaalamu wa lugha. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina idara za kemia na idara za Kiswahili ambazo mara nyingi zimo katika uwanja mmoja, zikitenganishwa na njia ya kutembea kwa miguu. Kazi ya kuanzia yaweza kuwa ndogo kabisa: ukurasa mmoja wa maelezo ya kifaa cha kutibu maji, ulioandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili na kusahihishwa na mwanafunzi wa kemia, kisha ukabandikwa ukutani mwa zahanati. Vyaelea, ndiyo, sasa ni zamu ya kujifunza kuviunda.